Ule mvule mkavu: uukate au uuache?

Kaka, umeuliza kama mvule uliokauka shambani kwako kule Amani uukate uwe kuni. Kama hauegemei njia wala nyumba, uache. Ndege kigong'ota hufuata dundu na mchwa waliomo, akachonga tundu. Akihama, wanaingia popo, nyuki, hata bundi wadogo. Hondohondo wetu wa Usambara, ndege mwenye mdomo mkubwa, hachongi. Hutafuta pango lililokwisha kuwapo kwenye mti mkubwa, jike hujifungia humo kwa udongo, dume akimlisha kupitia ufa (ndoa hiyo!). Miche tunayopanda haina mapango hayo, itachukua miaka mingi. Ukiogopa matawi, punguza ya juu, shina libaki. Kuni okota zilizoanguka, ila usizimalize, uyoga nao unazila.