Re: Kitufe cha kuwashia monita kimezama ndani

Mkuu, usikimbilie kununua monita nyingine. Kitufe kikizama na kisirudi, mara nyingi kilichovunjika ni plastiki ya nje tu, swichi yenyewe nzima.

Chomoa waya wa umeme kabisa. Bandua fremu ya mbele kwa kadi ngumu ya zamani, bisibisi itaiachia makovu. Bodi ya pawa usiiguse kabisa, kapasita zake (vile vifaa vya kuhifadhi umeme) hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa.

Pembeni utaona bodi ndogo nyembamba yenye swichi zimejipanga. Chomoa waya wake, weka mita ya kupimia umeme, ikiwa kwenye kipimo cha mlio, kwenye miguu ya swichi ya kuwashia: inatakiwa ilie ukibonyeza, inyamaze ukiachia. Ikifanya hivyo, gundi plastiki yako basi. Isipolia, ng'oa swichi uchomelee nyingine; ya miguu minne, milimita 6 kwa 6, hata kwenye redio mbovu utaipata. Angalia tu kimo cha kichwa chake, kikiwa kifupi plastiki haitakifikia.

Kwa sasa, kama iliharibika ikiwa imewaka, jaribu kutumia swichi ya ukutani. Monita nyingi huwaka zenyewe umeme ukirudi.