Mizimu ya Majani kwa Mikono ya Watoto Wadogo

Mwaka wetu wa kwanza hapa Minnesota, Marekani, binti yangu wa miaka 4 alikataa katakata kupita mbele ya nyumba ya jirani, kwa sababu barazani kwake palikuwa na mifupa ya plastiki iliyoketishwa kitini kwa ajili ya Halloween, sikukuu ya Oktoba 31 ambapo watu hupamba nyumba kwa vitu vya kutisha. Nilimweleza kwamba ule ni mchezo tu, lakini maneno hayakumsaidia. Kilichomtuliza ni kutengeneza vitisho vyake mwenyewe, na tangu hapo kila Oktoba meza yetu ya kulia hugeuka karakana.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni mizimu ya majani. Okoteni majani mapana ya mti wa maple yaliyokwisha kupukutika, yafuteni unyevu, kisha yalazeni ndani ya kitabu kizito kwa siku mbili, kwani jani lisilobanwa hujikunja na rangi yake hubanduka. Mtoto apake rangi nyeupe ya maji, iliyo nzito kidogo, na ikishakauka mligeuze jani ili kikonyo kiwe juu. Macho na mdomo huchorwa kwa rangi nyeusi kwa kijiti cha pamba ya masikio. Litazameni kwa karibu: mishipa ya jani huonekana chini ya ule weupe kama mikunjo ya shuka. Mwanangu mdogo aliweka macho yote mawili upande mmoja, nami nikajizuia nisiyarekebishe, maana mzimu ule ni wake.

Boga msilichonge. Desturi hiyo ya kuchonga uso wa kutisha ilitoka Ireland, ambako watu walichonga tanipu, mboga ya mizizi, na wahamiaji wao walipofika Marekani wakakuta boga ni kubwa na laini zaidi. Lakini kisu ni cha mzazi, na mtoto hubaki mtazamaji. Tena boga letu la kwanza lilioza na kubonyea siku ya nne. Boga zima lililopakwa rangi hukaa wiki kadhaa, mradi lisipigwe na baridi ya kugandisha.

Kwa popo, kateni vikombe vitatu vilivyoshikana vya trei ya mayai ya karatasi, mpunguze kingo za vile viwili vya pembeni viwe mbawa, kisha mpake rangi nyeusi. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 3, chora macho badala ya kubandika yale ya plastiki, kwa kuwa humezwa kwa urahisi na yanaweza kumkaba. Mkitaka mwanga, tumieni taa ndogo ya betri, kwani majani makavu na mshumaa havikai pamoja.

Jioni ya tarehe 31 mwaka ule, binti yangu alibeba jani lake moja, akalitundika kwa uzi kwenye kidole cha ile mifupa, kisha akapiga hodi.