Mawazo yanakwama wapi kati ya mfanyakazi na mkurugenzi?

Swali: Mimi ni meneja wa rasilimali watu katika shirika lenye wafanyakazi wapatao 300. Tuliunda kitengo cha ubunifu, tukanunua programu ya kukusanyia mapendekezo, na tukatangaza zawadi ya fedha kwa wazo bora la kila robo mwaka. Miezi ya mwanzo mapendekezo yalimiminika. Sasa yamekauka kabisa. Mkurugenzi wetu anaamini watu tulio nao si wabunifu na anataka tuajiri wengine. Mimi naona tatizo ni utamaduni wa shirika, lakini kila nikilitaja ananiuliza utamaduni unapimwa vipi, nami nakosa jibu. Isitoshe, wafanyakazi wetu wamelelewa kuheshimu wakubwa, hawabishani na bosi. Je, tuanze kubadili utamaduni au tuanze na mafunzo ya stadi? Na nimwonyeshe nini mkurugenzi?

Jibu: Nianze na hoja ya mkurugenzi wako, kwa sababu ikikubalika itawagharimu watu kazi zao bila kuleta kitu. Mapendekezo yaliyomiminika mwanzoni ni ushahidi tosha kwamba watu wenu wanaona na wanafikiri. Akili hazikupungua baada ya miezi michache. Walitazama kilichowapata waliotangulia kusema, wakajifunza, wakanyamaza. Mkiajiri wapya, nao watatazama na kujifunza hivyo hivyo.

Mpe mfano wa kiwanda cha magari cha Fremont, California. Kampuni ya magari ya General Motors (GM) ilikifunga mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya ya utoro, ugomvi kati ya wafanyakazi na uongozi, na magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wafanyakazi wengi walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani, chini ya chama kile kile cha wafanyakazi. Haukupita muda mrefu, magari yake yakawa miongoni mwa yenye ubora wa juu kabisa katika GM. Kando ya mstari wa kuunganishia magari paliwekwa kamba. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro aliivuta, kiongozi wa kikundi akaja kumsaidia, na tatizo lisipotatuliwa mara moja mstari ulisimama. Katika kiwanda cha zamani, kuusimamisha mstari ilikuwa karibu sawa na kujifukuzisha kazi.

Wanaosimulia habari hii huishia kwenye kamba, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Kabla ya kazi kuanza, viongozi wa vikundi walipelekwa Japani kufanya kazi bega kwa bega na wenzao wa Toyota. Huko walijifunza jinsi ya kumwendea aliyevuta kamba, kuuliza nini kimetokea badala ya nani amekosea, na kutafuta chanzo pamoja naye. Kamba peke yake yeyote angeweza kuinunua, lakini GM ilichukua miaka mingi kuueneza mfumo ule katika viwanda vyake vingine. Kwa hiyo, unaponiuliza muanze na utamaduni au stadi, jibu langu ni kwamba havitenganishiki. Ruhusa ya kuvuta kamba ni utamaduni. Kujua la kufanya ikishavutwa ni stadi. Ruhusa bila stadi huzaa vikao vya malalamiko. Na mkitoa stadi bila ruhusa, mtakuwa na watu waliofuzu mafunzo wanaonung'unika chini chini.

Programu mliyoinunua ni kamba yenu. Swali la kuuliza ni nani alikuja ilipovutwa, na alikuja na uso gani.

Kuhusu heshima kwa wakubwa, nakuomba usiifanye kuwa adui. Toyota yenyewe imekulia katika jamii inayotunza sana ngazi za umri na cheo. Lakini hebu tutazame sekta iliyolipia ukimya kwa damu. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana katika ukungu na watu 583 wakafa. Ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, ilikuwa imeshaanza kukimbia ili ipae wakati mhandisi wake alipouliza iwapo ile ya pili, ya shirika la Marekani la Pan Am, ilikuwa imetoka njiani. Kapteni, mkufunzi mwandamizi aliyeheshimika sana, alijibu kwa mkazo kwamba imetoka. Hakuna aliyeuliza tena. Ajali ile ilikuwa na sababu nyingi, zikiwemo ukungu na mawasiliano ya redio yaliyoingiliana, ila ukimya ule uliwagusa wataalamu wa usalama kuliko yote. Mwaka 1979 NASA, shirika la anga la Marekani, iliitisha warsha kuhusu jambo hilo, na mwaka 1981 shirika la United Airlines likaanzisha mafunzo ya ushirikiano wa wafanyakazi ndani ya ndege, ambayo baadaye yalienea duniani kote.

Mafunzo hayo yanawagusa wote wawili, mkubwa na mdogo. Mdogo hufundishwa kusema kwa ngazi: kwanza taja unachokiona, kisha eleza wasiwasi wako, kisha pendekeza hatua, na hatari ikikaribia sisitiza bila kuzunguka. Mkubwa naye hufundishwa kuomba maoni kabla hajatangaza uamuzi wake, kwa sababu akishautangaza, maoni yote yanayofuata yanageuka kuwa ubishi. Hakuna aliyemvua kapteni cheo. Kilichobadilika ni kwamba kusema kukawa sehemu ya kazi ya rubani msaidizi, na kunyamaza kukawa uzembe. Hili lina nguvu kubwa mahali penye heshima: mfanyakazi anayemheshimu bosi wake, akiambiwa na bosi huyo huyo kwamba kusema ni wajibu wake, atasema. Wanaoshindwa ni wale wanaoambiwa "milango iko wazi" na kuachiwa wakisie kama ni kweli.

Sasa kipimo. Mkurugenzi wako ana haki ya kukidai, na nafurahi anakidai. Mtafiti Amy Edmondson, katika miaka ya 1990, alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia timu zenye ushirikiano mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume: timu nzuri ziliripoti makosa mengi zaidi. Alipochimba zaidi aligundua kwamba tofauti ilikuwa katika utayari wa kuyasema, maana katika timu za woga makosa yalifichwa. Kutokana na kazi hiyo akaendeleza dhana ya usalama wa kisaikolojia, yaani imani ya pamoja kwamba mtu hataaibishwa wala kuadhibiwa kwa kuuliza, kukiri kosa au kuleta wazo. Ukipima vibaya, basi, utaipa tuzo idara yenye woga kuliko zote.

Hesabu ya mapendekezo kwa mwezi haitoshi. Ndani ya programu yenu mna kumbukumbu bora kuliko utafiti wowote wa dodoso. Chukua kila pendekezo tangu siku ya kwanza, uandike lilikaa siku ngapi kabla ya kujibiwa, nani alilijibu, na kama jibu lilikuwa na sababu au lilisema tu "limepokelewa". Kisha tafuta takwimu ninayoithamini kuliko zote: kati ya waliopendekeza mara moja, wangapi walirudi mara ya pili? Panga majina hayo kwa idara. Nadhani utakuta idara ambako watu walirudi na idara ambako kila mtu alikuja mara moja akatoweka, na ukilinganisha na aina ya majibu waliyopewa, utamaduni utakuwa umeandikwa mbele yako kwa tarakimu. Hiyo ndiyo karatasi ya kumpelekea mkurugenzi. Usimpelekee majina ya wakuu wa idara kwa lengo la kuwaadhibu, la sivyo utaongeza woga ule ule unaotaka kuuondoa.

Kuna tabia nyingine ya shirika ambayo haionekani kwenye kumbukumbu hizo, nayo ni uvumilivu kwa wazo lisilo na matumizi bado. Mwaka 1968 Spencer Silver, mkemia wa kampuni ya 3M, alikuwa akitafuta gundi kali akapata gundi dhaifu, inayoshika na kubanduka bila kuacha alama. Hakujua ifanye kazi gani. Kwa miaka kadhaa aliendelea kuieleza kwa wenzake katika semina za ndani ya kampuni. Mwaka 1974 Art Fry, mhandisi wa idara nyingine aliyekuwa anasikia habari za gundi ile, alichoshwa na vipande vya karatasi vilivyokuwa vikidondoka kutoka kitabu chake cha nyimbo kwenye kwaya ya kanisa, akaunganisha mambo mawili: karatasi na gundi ile. Kampuni ilikuwa inawaruhusu wataalamu wake kutumia hadi asilimia 15 ya muda wa kazi kwa mawazo yao wenyewe. Hata hivyo karatasi hizo zilipojaribiwa sokoni mwaka 1977 hazikufanya vizuri. Mwaka uliofuata waligawa sampuli za bure katika mji wa Boise, watu wakazitumia, na mwaka 1980 karatasi za kubandika za Post-it zikaanza kuuzwa Marekani nzima.

Watu hutaja asilimia 15, nami nakubali ni muhimu, ila muda ule usingezaa kitu kama Silver asingejua kueleza kemia kwa mtu asiye wa fani yake, na kama Fry asingekuwa msikilizaji. Mawazo mengi huhitaji kusafiri kutoka idara moja hadi nyingine, na usafiri wake ni mazungumzo ya watu. Kitengo cha ubunifu kikikaa peke yake katika ghorofa yake, kinakata safari hiyo.

Kwa hiyo ningewashauri muanze na wakuu wa idara, si na wafanyakazi wa chini. Wafundisheni stadi tatu kwa muda mrefu kidogo, ndani ya vikao vyao halisi, kwa kuwa semina ya siku moja husahaulika. Ya kwanza ni kuuliza swali lisilo na jibu ndani yake na kunyamaza hadi mtu amalize. Ya pili ni kukataa vizuri: kusema hapana kwa sababu inayoeleweka, kwa wakati, na kueleza nini kingebadilisha jibu. Hii ndiyo ngumu na ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu mapendekezo mengi hayatatekelezwa, na namna yanavyokataliwa ndiyo itakayoamua kama mtu atarudi. Ya tatu ni kugeuza wazo kuwa jaribio dogo lenye tarehe ya mwisho na jambo moja la kupima. Wekeni pia kanuni kwamba kila pendekezo hujibiwa ndani ya wiki mbili na mkuu wa idara husika kwa jina lake, na mkurugenzi naye afuate kanuni hiyo kwa yale yanayomfikia.

Zawadi ya fedha isimamisheni kwa sasa. Wazo zuri mara nyingi lina wazazi wengi, na tuzo ya mtu mmoja huwafanya watu wafiche mawazo yao machanga hadi yakomae, wakati ndipo hasa yalipohitaji msaada wa wenzao. Fedha hizo zigawanyeni kwa idara ziwe fungu la majaribio, ambalo mkuu wa idara anaweza kuidhinisha siku hiyo hiyo bila kuomba saini ya juu.