Majibu kwa Wasomaji: Kugeuza Rekodi Icheze Kinyumenyume

Shikamooni wataalamu. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Tukuyu. Kwenye nyimbo nyingi, kabla ya kiitikio kuingia, husikika mvumo unaopanda kisha unakatika ghafla waimbaji wanapoanza. Nimeambiwa ni toazi lililogeuzwa. Naweza kufanya mwenyewe kwenye kivinjari, bila kununua programu?

Marahaba, Mwalimu. Unaweza kabisa. Toazi likipigwa, mlio huanza kwa kishindo kisha hufifia taratibu. Ukiugeuza, kule kufifia kunakuwa kupanda, na kishindo kinakuja mwisho.

Lipige mara moja tu, uliache lilie mpaka linyamaze lenyewe. Fungua AudioMass, programu ya kuhariri sauti, kwenye kivinjari cha kompyuta (ni bure) na uingize faili. Vuta picha ya wimbi iwe kubwa, kisha futa ukimya wote ulio kabla ya pigo. Wengi huharibu hapa: ukimya wa mwanzo ukiachwa, baada ya kugeuza unahamia mwisho, mvumo unakoma mapema na pengo linasikika.

Sasa pima urefu. Wimbo ukienda mapigo 96 kwa dakika, pigo moja ni sekunde 0.625, na bari ya mapigo manne ni sekunde 2.5. Kata mlio ubaki sekunde 2.5, weka Fade Out (kufifisha sauti taratibu) kwenye nusu ya pili ili ukianza baada ya kugeuzwa uingie polepole, chagua kipande chote, kisha bofya Reverse kwenye menyu ya Effects. Hifadhi kwa WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa. MP3 huongeza ukimya wa milisekunde kadhaa mwanzoni na mwishoni mwa faili, na mwisho ndio unaoutegemea wewe.

Ukiweka klipu kwenye wimbo, usiangalie inapoanzia. Ukingo wake wa kulia ndio uguse pigo la kwanza la kiitikio. Ukisikia "tak" pale inapokatika, weka Fade Out ya milisekunde 5 mwishoni.

Sauti ya mwimbaji nayo hupendeza sana kwa njia hii. Geuza neno la kwanza la ubeti, ongeza sekunde 2 za ukimya nyuma yake ili mwangwi upate nafasi, weka Reverb (ndiyo inayotia mwangwi), kisha geuza tena. Neno linarudi kama lilivyoimbwa, ila mwangwi wake unalitangulia.

Nina mahubiri ya saa moja kwenye simu. Nikiyaingiza ili niyageuze, ukurasa unaganda halafu unajifunga. Na rekodi za simu yangu ya zamani zinakataliwa kabisa. Tatizo ni mtandao wa huku Makete?

Mtandao hauhusiki. Kivinjari hakigeuzi MP3 yenyewe. Huifungua kwanza ziwe sampuli tupu, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti, mara nyingi 44,100 kwa kila sekunde, kisha huzipanga upya kuanzia ya mwisho. Dakika moja ya stirio inayochukua MB 1 hivi kwenye MP3 hula karibu MB 21 za kumbukumbu ikifunguliwa. Saa moja inakaribia GB 1.3, na kugeuza kunaweza kuhitaji nakala ya pili. Simu nyingi haziwezi. Kata vipande vya dakika 10, geuza kimoja kimoja, kisha uviunge kuanzia cha mwisho kwenda cha kwanza. Ukiviunga kwa mpangilio wa mwanzo, mahubiri yatarukaruka.

Rekodi za simu za zamani mara nyingi ni faili za aina ya AMR, ambayo vivinjari vingi havifungui. Zibadilishe ziwe WAV kwanza. Na kama unaogopa faili lako kupelekwa kwenye seva ya mtu, fungua ukurasa, zima data, kisha geuza. Ikikubali, kazi yote inafanyika ndani ya simu yako.

Hapa Uyole kuna klipu inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: wimbo wa injili umegeuzwa, na chini yake kuna maandishi ya maneno ya kishetani. Mimi mwenyewe nimeyasikia. Ni kweli yamefichwa?

Umeyasikia kwa sababu uliyasoma kwanza. Mwaka 1985, John Vokey na Don Read wa Chuo Kikuu cha Lethbridge, Kanada, walichapisha majaribio juu ya jambo hili hili. Waliwasikilizisha watu sentensi zilizogeuzwa, wakawaomba wazigawe katika makundi, likiwemo la Kikristo na la kishetani. Matokeo hayakuzidi kubahatisha. Walioambiwa mapema maneno ya kusikiliza, waliyasikia.

Ujumbe uliogeuzwa kwa makusudi hujulikana kirahisi. Wimbo ukichezwa kawaida, sehemu hiyo haieleweki; ukigeuzwa, mtu anasikika anaongea au anaimba vizuri. Ndivyo ilivyo mwishoni mwa "Rain" ya The Beatles, ya mwaka 1966. Wimbo wenu unaeleweka vizuri ukichezwa kawaida, kwa hiyo ukigeuzwa mnasikia mabaki ya sauti tu.

Fanya hivi: wachezee watu watano klipu hiyo, mmoja mmoja, bila maandishi na bila kuwadokeza chochote, kila mmoja aandike alichosikia. Linganisha karatasi. Wanakwaya hao wanachafuliwa jina bure, na jaribio hili linachukua nusu saa.

Ninatangaza redioni Iringa. Mahojiano yangu yana tusi moja, na mahali pengine mama ametaja jina la mtoto aliyefanyiwa ukatili. Nikigeuza maneno hayo mawili inatosha?

Kwa tusi, inatosha, tena ni bora kuliko kulifuta. Kama mlirekodi chini ya bati mvua inanyesha, ukifuta neno na mvua nayo inatoweka, msikilizaji anashtuka. Mvua kubwa ya mfululizo ikigeuzwa husikika vilevile, kwa hiyo hakuna shimo. Chagua neno lote kuanzia konsonanti ya kwanza. Ukiacha silabi moja, watu watalimalizia wenyewe.

Kwa jina la mtoto, usigeuze kabisa. Yeyote atakayerekodi kipindi anaweza kuligeuza tena kwa dakika moja, likasikika wazi. Futa kipande hicho, ujaze mlio wa hezi 1,000 au mvua ya urefu ule ule kutoka sehemu ambayo hakuna anayeongea. Kisha hifadhi faili jipya, na hilo ndilo upeleke studio, si mradi wa uhariri, kwa sababu kwenye mradi kitufe cha kutendua bado kinaweza kulirudisha jina.