Dawa za kupandisha presha ICU: maswali yenu

Nilipoandika kuhusu sepsisi, maswali mengi yaliyokuja yalitoka kwa watu waliokaa kwenye benchi nje ya ICU wakisubiri kuitwa. Kwa msomaji mgeni: sepsisi ni pale mwili unapopambana na maambukizi hadi ukaanza kuumiza viungo vyake wenyewe. Presha ikianguka na dripu zikashindwa kuirudisha, mgonjwa ameingia kwenye mshtuko wa sepsisi, na hapo ndipo dawa tunazozizungumzia leo zinapoanza kazi.

Sista, shikamoo. Mama yangu ana presha ya kupanda miaka mingi. Alipolazwa kwa maambukizi ya figo walimsimamishia vidonge vyake, wakamwekea dawa ya kupandisha presha. Si wangemuua? (Makorora)

Marahaba mwanangu. Presha ya kupanda ni ugonjwa wa miaka. Kilichomwangusha mama ni cha saa chache. Maambukizi yalipomzidi, mishipa yake ya damu ililegea na kuvuja, damu ikakosa msukumo wa kufika kwenye figo na ubongo. Vidonge vya kushusha presha saa ile ndivyo vingemmaliza. Walifanya sawasawa.

Namba wanayoikodolea macho ni presha ya wastani, na lengo la kuanzia ni 65. Ukitaka kuipiga mwenyewe, chukua namba ya chini mara mbili, jumlisha na ya juu, gawa kwa tatu. Mwenye 85 kwa 55 anapata 65 kamili. Je, aliyezoea presha kubwa 65 inamtosha? Wafaransa walilipima hilo kwa wagonjwa 776, majibu yakatoka 2014. Waliopandishwa hadi 80–85 hawakupona zaidi ya walioachwa 65–70, na mapigo ya moyo yalivurugika zaidi. Ila kwa wenye presha ya kupanda ya siku nyingi, waliowekwa juu walihitaji kwa uchache kusafishwa damu kwa mashine. Kwa hiyo mwambie daktari mapema kwamba mama ana presha, na umpelekee vidonge vyenyewe na maboksi yake. Kusema "vile vyeupe vidogo" hakumsaidii.

Jirani yetu wodini alipewa dopamini, wa kwetu noradrenalini. Ipi bora, au ni suala la hela? (Ngamiani)

Kwa mshtuko wa sepsisi ya kuanzia ni noradrenalini. Inabana mishipa iliyolegea bila kuusumbua sana moyo. Dopamini nayo hupandisha presha, lakini huukimbiza moyo. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Ulaya uliozishindanisha hizi mbili kwa wagonjwa 1,679, wengi wao wa sepsisi. Vifo havikupishana kiasi cha kutangaza mshindi, ila mapigo yalivurugika kwa asilimia 24 ya waliopewa dopamini, na asilimia 12 ya waliopewa noradrenalini. Nimesimama usiku kando ya kitanda nikitazama moyo wa mtu ukikimbia ovyo, najua tofauti hiyo ina uzito gani.

Noradrenalini ikifika kipimo kikubwa na presha bado haijatulia, huongezwa vasopresini. Hii ni ya kusaidiana; utafiti wa 2008 wa wagonjwa 778 haukuonyesha kwamba yenyewe inaokoa zaidi.

Kuhusu hela: mara nyingi ni suala la kilichopo stoo ya dawa. Mwongozo wa kimataifa wa 2021 unaruhusu adrenalini au dopamini pale noradrenalini isipopatikana. Jirani yenu hakuonewa.

Adrenalini si ile ya moyo uliosimama? Tulipoisikia tukaanza kulia. (Chumbageni)

Poleni sana. Ni hiyo hiyo, ila hapa inapita kidogo kidogo kwenye pampu ili kushikilia presha. Inaweza kuongeza mapigo na kupandisha laktati (asidi inayopanda pia viungo vikikosa damu ya kutosha) kwenye kipimo cha damu, kwa hiyo majibu hayo husomwa kwa uangalifu. Haina maana kwamba wamekata tamaa.

Kwa nini waliacha kumtundikia kaka dripu wakati presha bado iko chini? Maji si ndiyo uhai? (Muheza)

Ndugu yangu, swali hili limetoka mahali penyewe. Hospitali ya Teule, hapo hapo Muheza, ilikuwa miongoni mwa zilizoshiriki utafiti wa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, waliokuwa na homa kali na dalili kwamba damu haifiki vizuri mwilini. Wengi tuliamini kwamba maji mengi ya haraka yangewaokoa. Majibu ya 2011 yalitushtua: ndani ya saa 48 walifariki takriban asilimia 10.5 ya waliomiminiwa maji, na asilimia 7.3 ya wasiomiminiwa. Watoto wa kuharisha hawakuwemo, na mtoto aliyekaukiwa maji bado anayahitaji.

Kwa watu wazima, utafiti wa Lusaka uliochapishwa 2017, karibu wote wakiwa wanaishi na VVU, ulitoa picha ya kufanana: vifo asilimia 48 kwa waliofuata utaratibu wa maji mengi na dawa za presha zinapohitajika, 33 kwa waliohudumiwa kama kawaida. Mishipa inayovuja haijazwi kwa kumimina tu. Maji huhamia kwenye mapafu, mgonjwa akazama akiwa kitandani. Nadhani tumechelewa mno kuyachukulia kwa uzito majibu ya Afrika yetu wenyewe. Mwongozo wa dunia bado unapendekeza mililita 30 kwa kila kilo ya uzito katika saa tatu za kwanza, lakini daktari anayesimama, akasikiliza mapafu, akatazama mpira wa mkojo, kisha akasema basi, anamlinda kaka yako.

Vidole vya baba vimekuwa vyeusi. Ni dawa? (Pongwe)

Sehemu ni ugonjwa, sehemu inaweza kuwa dawa, maana inabana mishipa hadi ya mbali. Mwonyeshe muuguzi leo. Pia mkono wenye kanula (kile kijibomba cha kupitishia dripu) ukivimba, ukipauka au ukiuma, ita mtu papo hapo: dawa hii ikivujia nje ya mshipa huunguza nyama.

Presha imekaa vizuri tangu jana. Kwa nini wasiichomoe dawa? (Usagara)

Presha hiyo imeshikiliwa na dawa. Kinachoondoa chanzo ni antibayotiki, ambayo kwa mshtuko inatakiwa ndani ya saa moja, na kutoa usaha kama upo. Vikifanya kazi, pampu hupunguzwa hatua kwa hatua. Na akirudi nyumbani, vidonge vyake vya zamani vya presha asivianze mpaka daktari aseme kipi na lini.