Kabla hujamfuata mchezaji, hesabu nafasi za makocha wenzako (usajili wa Hoops Dynasty)

Mkuu, uzi wako nimeusoma mara mbili. Umesema ndiyo kwanza umeanza Hoops Dynasty, uko daraja la tatu, una nafasi nne za ufadhili (za wachezaji wanaosomeshwa na chuo), na karibu pointi zako zote za ufuatiliaji, zile za kuvutia vijana unaotaka kuwasajili, umezielekeza kwa senta (mchezaji mrefu wa chini ya kikapu) mmoja wa Indiana. Sasa timu nyingine mbili zimejitokeza kumtaka, nawe unauliza umng'ang'anie au umwache. Jibu nitalitoa mwishoni. Ila nikilitoa bila kukuonyesha ninavyopiga hesabu, litakufaa msimu huu tu, msimu ujao utarudi na swali hilohilo.

Kwa wanaopita ambao hawaujui: huu ni mchezo wa mtandaoni wa WhatIfSports. Unakabidhiwa chuo cha Marekani ukifundishe mpira wa kikapu, na wapinzani wako wengi ni watu halisi kama wewe. Zipo dunia kadhaa, zimepewa majina ya makocha wakubwa wa vyuo: Naismith, Rupp, Wooden, Tarkanian, Knight na wengineo. Unaanzia daraja la tatu, ukifanya kazi nzuri unaomba timu ya daraja la pili, baadaye la kwanza. Kila timu ina wachezaji 12 wa ufadhili. Kwenye maisha halisi vyuo vya daraja la tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa, lakini ndani ya mchezo vinatoa, na ndiyo maana hata huku chini usajili ni vita.

Mechi zenyewe huzichezi wewe. Unapanga kikosi, unagawa dakika za mazoezi, unachagua mfumo, kompyuta inacheza. Kwa hiyo ubingwa unapatikana kwenye usajili. Nimefundisha misimu mingi, na sijawahi kuona kocha aliyesajili vibaya akaokolewa na mbinu za mchezoni.

Misimu yangu minne ya mwanzo nilifanya kama unavyofanya wewe. Nafungua orodha, naipanga kwa viwango, naona jina lililo juu, namwaga kila kitu pale. Kuna mlinzi mmoja wa Ohio sitamsahau. Kasi 71, kukaba 58, mitupo ya mbali 44 na bado ina nafasi kubwa ya kukua, bidii ya mazoezi 76. Nilimfuatilia tangu mzunguko wa kwanza (usajili unakwenda kwa mizunguko, kila mmoja ukipita mchezo unahesabu juhudi za makocha wote). Nikaenda nyumbani kwao, nikamwalika chuoni, nikamwahidi kuanza mechi. Kwenye ukurasa wake, panapoonyesha anavyokipenda kila chuo, nilikuwa nasomeka "juu sana", peke yangu, siku tatu mfululizo. Mchezo unakwenda kwa saa za mashariki mwa Marekani, na huku Dar tuko mbele kwa saa nane wakati wa baridi kwao, kwa hiyo usiku ule nilikuwa nimekaa sebuleni na simu nikisubiri mzunguko upite. Ulipopita, kuna chuo kilikuwa kimetokea ghafla, nacho "juu sana". Mzunguko uliofuata akasaini kwao. Asilimia za nafasi ya kumpata zilipotoka, wao walikuwa na 64, mimi 36.

Sikulala. Nikafungua kikosi cha kile chuo nikaanza kuhesabu. Walikuwa na wachezaji sita wa mwaka wa nne, yaani wa kuondoka. Nafasi sita! Mimi nilikuwa na mbili. Na katika zile sita, nne walikuwa wamekwisha kuzijaza siku mbili kabla, kwa vijana ambao hakuna aliyewagombea. Pointi zote walizokuwa wakizitumia kwa wale wanne zilikuwa zimefunguka, wakazihamishia kwa kijana wangu. Taarifa zote hizo zilikuwa wazi tangu siku ya kwanza, ila mimi nilikuwa namtazama mchezaji tu.

Hapo ndipo penyewe. Fedha na pointi za ufuatiliaji zinatolewa kulingana na nafasi ulizo nazo wazi. Mwenye nafasi nyingi ana mfuko mnene. Kwa hiyo kabla sijamwekea kijana pointi hata moja, nafungua vikosi vya vyuo vyote vilivyo jirani naye na kuhesabu wachezaji wa mwaka wa nne. Nina daftari la shule, kila msimu nachora meza: chuo, nafasi zilizo wazi, hadhi ya chuo, nafasi zilizokwisha kujazwa, mfumo wa ulinzi. Kazi hiyo inanichukua kama saa moja na nusu, na ndiyo saa moja na nusu yenye thamani kuliko zote katika msimu mzima.

Ila kuhesabu nafasi peke yake hakutoshi, na hapa wengi wanakosea. Kocha mwenye nafasi sita anayewafuatilia vijana sita kwa pamoja si wa kuogopwa sana mwanzoni, kwa sababu mfuko wake umegawanyika. Wa kuogopwa ni yule ambaye nafasi zake zinajaa huku fedha bado ipo. Kila akisainisha mmoja, wale waliobaki wanaelemewa na uzito wote. Ndiyo maana daftari langu lina safu ya nafasi zilizojazwa, nami naisahihisha kila mzunguko. Nikiona jirani amesainisha wanne haraka na bado anataka wawili, najua huko kwenye wawili hakuingiliki. Kinyume chake, kocha mwenye nafasi moja tu, hata chuo chake kikiwa na hadhi kunizidi, mara nyingi namshinda kama nina nafasi nne na nimeamua kuzitumia kwa mtu mmoja.

Umbali nao uupe uzito wake. Ziara ya nyumbani kwa kijana aliye jirani ni rahisi, kwa aliye mbali ni ghali. Mnaweza kuwa na fedha sawa, lakini jirani yake akafanya ziara zote 20 zinazoruhusiwa wakati wewe umeishiwa kwenye ya saba. Kijana wa mbali namfuata kwa sababu mbili tu: ama kwenye matakwa yake imeandikwa kwamba anataka kuwa mbali na nyumbani, ama majirani zake wote hawana nafasi.

Matakwa ya kijana yasome kwa utulivu. Kuna anayetaka chuo kinachoshinda, mwingine anatafuta chuo cha kukijenga upya. Yupo anayetaka kocha aliyekaa muda mrefu, yupo anayetaka ligi yenye nguvu, na wapo wanaopenda timu inayotupa kutoka mbali. Wewe ni kocha mpya kwenye chuo dhaifu, kwa hiyo anayetaka mafanikio na kocha mkongwe utamgharimia maradufu halafu bado atakuweka chini. Watafute wanaotaka kujenga na wanaotaka dakika nyingi. Wapo, na makocha wakubwa wanawapita.

Tazama pia lini anapendelea kusaini. Wa "mapema" ni zawadi kwako kama majirani wenye hadhi wamelala, maana atasaini kabla hawajaamka. Wa "kuchelewa" anaweza kukufilisi, kwa sababu unamlisha pointi mizunguko yote huku wengine wakisubiri kumaliza kazi zao ndipo wakuangukie, kama yule wa Ohio.

Kuhusu kiwango. Mkuu, umeandika kwamba senta wako ndiye mwenye jumla kubwa kuliko wote uliowaona. Jumla ya leo ni namba dhaifu sana. Kinachonihusu ni atakuwa nani akifika mwaka wa tatu, na hilo linapatikana kwa kumpeleleza mpaka uone kila sifa ina nafasi kubwa, ya wastani au ndogo ya kukua. Senta mwenye ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu) 60 iliyofika ukingoni atabaki na 60 hiyo miaka minne. Mwenye 38 yenye nafasi kubwa na bidii ya mazoezi 80 atampita kabla ya mwaka wa tatu. Mwenye bidii 25 simsajili hata akipewa bure, labda awe tayari amekamilika.

Tena sisi tuna mfano wa nyumbani. Hasheem Thabeet alianza kikapu akiwa na miaka 15. Mwaka wake wa kwanza UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) alikuwa akifunga kama pointi sita kwa mechi. Aliyeangalia pointi angempita. Aliyeangalia urefu ule na kasi ya kujifunza aliona kitu kingine, na mwaka 2009 alikuwa wa pili kuchaguliwa kwenye drafti ya NBA, pale timu za ligi kuu ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya. Aliondoka chuoni akiwa bado na mwaka mmoja mkononi, jambo litakalokukuta na wewe ukifika daraja la kwanza: unamkuza kijana, anakuwa bora kupita kiasi, anaondoka kabla ya wakati, nawe unabaki na pengo ambalo hukuliwekea akiba. Kwa sasa huko chini usiliwaze.

Ahadi. Ahadi ya kuanza mechi au ya dakika fulani ina nguvu kubwa, na ukiivunja kijana anakasirika, bidii yake inashuka, mwisho wa msimu anaweza kuhama. Mimi naahidi pale tu ambapo ningempa dakika hizo hata asingeziomba. Niliwahi kuwaahidi vijana wawili nafasi ileile moja ya pointi gadi (mlinzi anayeongoza mashambulizi). Nikamtimizia mmoja. Yule wa pili alikuwa ndiye mwenye kipaji zaidi, na akaondoka. Msimu mzima uliofuata nilimwona akinifunga kutoka chuo cha jirani.

Sasa mgawanyo wa miaka. Ushauri utakaousikia kila mahali ni uwe na wachezaji watatu kila mwaka: watatu wa kwanza, watatu wa pili, watatu wa tatu, watatu wa nne. Mimi nilifuata hivyo na nikaona hasara yake: kila msimu una nafasi tatu, huna uzito wa kushinda vita hata moja dhidi ya mwenye tano. Siku hizi napenda mgawanyo usio sawa. Msimu mmoja nafasi tano, unaofuata nne, kisha mbili, kisha moja. Kwenye ule wa tano naingia vitani na wakubwa, kwenye ule wa moja nachukua kijana asiye na mgombea, namkalisha nje mwaka mzima akikua huku mwaka huo hauhesabiwi katika miaka yake minne ya kucheza. Makocha wengi hawakubaliani nami, wanasema msimu wachezaji watano wa mwaka wa nne wanapoondoka timu inaporomoka. Ni kweli inashuka. Mimi nakubali kushuka msimu mmoja nipate mitatu ya nguvu.

Na usijaze nafasi kwa kuogopa pengo. Hili lilinichukua muda mrefu kulikubali. Nafasi ikibaki wazi, mchezo unakupa mchezaji asiye na ufadhili akae benchi, na msimu ujao nafasi ile inahesabika tena na kukuletea fedha na pointi. Kijana usiyemhitaji anakaa nayo miaka minne.

Jambo la mwisho kabla ya jibu: nyuzi za zamani za ushauri ukizikuta, tazama tarehe. Mfumo wa usajili ulibadilishwa kabisa mwaka 2016. Zamani aliyetumia nguvu kubwa kuliko wote alimpata kijana moja kwa moja. Sasa ni asilimia, kwa hiyo aliye nyuma kidogo bado anaweza kushinda, na aliye mbele anaweza kulia.

Haya, senta wako. Umesema moja ya hizo timu mbili iko kilomita chache kutoka kwao na ina wachezaji watano wa mwaka wa nne, na nyingine ina mmoja. Huyo wa mmoja msahau, ataishiwa. Leo hii fungua ukurasa wa huyo jirani uone amekwisha kusainisha wangapi. Kama hajasainisha hata mmoja na unawaona vijana wengine wanne wakimtaja, baki kwenye vita, fanya ziara zako sasa hivi wakati mfuko wake umegawanyika, na uombe kijana awe wa kusaini mapema. Kama amesainisha watatu au wanne, toka usiku huu. Usiache hata pointi moja pale.

Ukitoka, kuna aina ya vijana ninayoifuata mimi katika hali kama yako: fowadi mwenye ribaundi ya kati yenye nafasi kubwa, bidii juu ya 65, anayetaka kucheza, na ambaye vyuo viwili vya karibu naye vina nafasi moja moja. Kwa nafasi zako nne unaweza kupata wawili wa namna hiyo bila kugombana na mtu, na mbili zinazobaki ukazivusha hadi msimu ujao. Andika hapa namba za huyo jirani ukishaziona, tuzihesabu pamoja kabla mzunguko wa asubuhi haujapita.