Juisi ya mabibo iliyogandishwa inafaa kwa mvinyo?

SWALI: Shikamoo bibi. Nimesoma kuwa Marekani watu hutengeneza mvinyo nyumbani kwa juisi nzito ya matunda iliyogandishwa, inayouzwa kwenye vikopo. Madukani kwetu sijaiona, ila msimu wa korosho nilikamua mabibo na lita tano ziko kwenye friza. Zitafaa? Kaka yangu anaoa mwezi ujao, je, mvinyo utawahi? – Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zitafaa, na umenifurahisha kwa kutoyaacha mabibo yaozee chini ya mkorosho.

Ile ya vikopo ni juisi iliyopunguzwa maji tu. Wenyewe huirudishia maji kiasi, wakatia sukari na hamira. Wanachokikwepa ni dawa za kuzuia kuharibika, kama sodiamu benzoeti, maana huidhoofisha hamira. Hata ukinunua juisi ya boksi, soma kwanza yale maandishi madogo ya ubavuni.

Yako haina dawa, ila ina ukakasi, na huo ndio unaoharibu mvinyo wa mabibo. Ikiyeyuka, tia uji mwepesi wa mchele uliopoa, mililita 125 kwa kila lita. Koroga, uiache itulie. Machicha yakishuka, mimina ile safi polepole, uichuje kwa kitambaa.

Juisi hiyo pekee hutoa pombe hafifu, asilimia 5 au 6. Nusu kilo ya sukari kwa lita tano itaisogeza hadi 11 hivi. Hamira ya mkate, kijiko kimoja cha chai, inatosha. Ya mvinyo ni bora ukiipata. Tumia ndoo ya plastiki ya chakula, siyo sufuria ya alumini. Toboa mfuniko, pitisha mpira mwembamba, ncha yake izame kwenye chupa ya maji: gesi itoke, hewa isiingie. Hewa ikiingia utapata siki.

Newala mna ubaridi wa uwanda wa juu. Sisi wa Mikindani ndoo tunaisimamisha kwenye beseni la maji, tukaifunika gunia bichi, kwani joto likizidi mvinyo hupoteza harufu yake nzuri.

Usifunge chupa mapovu yakiwa bado yanatoka. Nakusihi sana hapo: chupa ya kioo hupasuka na kumkata mtu.

Harusi hautaiwahi; mvinyo huu unahitaji miezi mitatu au zaidi. Kwa mwezi ujao wape wageni juisi yenyewe, ikishatolewa ukakasi, ya baridi. Bakiza lita mbili za kuanzia mvinyo.